Kikundi Chenu Kina Lengo, au Kina Katiba Tu?

Najua wengine mko kwenye vitalu saa hizi, wengine mnasubiri bei ya nyanya itulie. Leo sitaongelea viwavijeshi wala vipimo vya mbolea. Kuna jambo limekuwa linanikaa moyoni muda mrefu na nimeona bora niliandike, hata kama baadhi yenu mtaninunia.

Kila wiki napigiwa simu au nafuatwa ofisini na vijana wenye swali lilelile: "Bwana shamba, tumeunda kikundi. Katiba tunayo, muhuri tunao, akaunti tumefungua. Sasa tufanyeje?"

Na mimi huwa nawauliza: "Kama mkopo usipokuja, Jumatatu mtafanya nini pamoja?"

Mara nyingi wanatazamana tu. Mmoja anacheka kidogo, mwingine anasema "tutajipanga". Hapo huwa najua kwamba kikundi bado hakijaundwa. Kilichoundwa ni faili.

Maoni yangu ni haya. Vikundi vyetu vingi vya kilimo tunasema vinakufa kwa sababu ya uongozi mbovu, au ukosefu wa mtaji, au wivu. Mimi nasema vingi vinakufa kwa sababu havikuwahi kuwa na jambo moja ambalo wote walilitaka kwa dhati. Jambo hilo likiwepo, hata kiongozi wa kawaida anaweza kuongoza. Lisipokuwepo, mlete kiongozi hodari namna gani, atageuka kuwa polisi, na baadaye atachoka.

Sisemi haya kwa kusikia. Nimelipia ada yake.

Kikundi nilichokisaidia kufa

Mwaka 2019 nilikuwa kijana mwenye diploma yangu bado ina harufu ya wino, nafanya kazi kwenye wilaya nyingine kabla sijahamia huku. Mnaijua mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ilibadilishwa mwaka 2018 na baada ya hapo kila mtu akawa anataka kikundi.

Wakaja vijana kwangu. Walikuwa wachache, wakaongeza majina ya mashemeji na marafiki mpaka idadi ikatimia. Katiba niliwapa mimi. Niliitoa kwenye kompyuta, ya kikundi kingine cha ufugaji kuku, nikabadilisha jina. Kwenye ukurasa wa pili neno "banda" lilibaki na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyeisoma. Andiko la mradi niliwasaidia pia: kilimo cha nyanya, ekari nne, pampu ya maji na mipira yake. Liliandikwa vizuri sana. Nilijisifu.

Mwenyekiti wao alikuwa kijana hodari. Anajua kuongea, anajua kuandika, hata diwani alimpenda. Kama uongozi mzuri peke yake ungetosha, kile kikundi kingekuwa hai mpaka leo.

Hela ilitoka, milioni kumi na mbili. Pampu ilinunuliwa kweli, kwa sababu tulikwenda kukagua. Hela iliyobaki waligawana jioni ileile chini ya mwembe, kila mtu na fungu lake. Mmoja akaweka rehani ya bodaboda, mwingine akalipa mahari, mwingine akalima mpunga wake kwao. Baada ya miezi michache pampu nayo haikuonekana. Marejesho yalikuja mara mbili tu, na yote mwenyekiti aliyatoa mfukoni mwake kwa aibu.

Nilipomfuata aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Bwana shamba, unanilaumu bure. Mimi niliwaongoza mpaka pale walipotaka kufika. Walitaka kufika benki."

Ukweli ni kwamba lile kundi lilikuwa na lengo la pamoja. Lengo lilikuwa kupata hela. Lilitimia siku hela ilipoingia, na siku hiyohiyo kikundi hakikuwa na kazi tena. Tuliobaki na mshangao ni sisi wataalamu tuliodhani lengo ni lile lililoandikwa kwenye andiko.

Na wala si kikundi kile tu. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii ili kupanga upya utaratibu, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Utaratibu umerekebishwa, sawa. Lakini utaratibu hauwezi kuwapa watu sababu ya kuwa pamoja. Hiyo ni kazi yenu wenyewe, na ni yangu mimi kuwauliza kabla sijaweka sahihi. Ile mara ya kwanza sikuuliza.

Kikundi kilichoanza na hasira

Sasa niwaambie cha pili. Nilihamia huku bonde la Ruaha, kwenye vitunguu. Wanaopita barabara ya Dar kwenda Iringa wanajua, ukifika Ruaha Mbuyuni vitunguu ndio vinakukaribisha.

Msimu wangu wa kwanza nilimkuta dada mmoja, miaka kama ishirini na tisa hivi, amekaa juu ya magunia yake ananiangalia kwa macho ya mtu aliyechoka. Ameuza kwa lumbesa. Kwa msiojua, gunia linajazwa mpaka juu, halafu linaongezewa "kichwa" kwa kushonea wavu au kipande cha gunia jingine, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja.

Nikaazima mzani. Tulipima gunia moja: kilo 137.

Tukakaa chini na kalamu. Alivuna magunia 60. Kila gunia kilo 37 za ziada, jumla ni kilo 2,220. Aliuza gunia shilingi 80,000. Ukichukulia kwamba ile ndiyo bei ya kilo 100, kilo moja ni shilingi 800. Kwa hiyo kichwa peke yake kilimwondolea shilingi 1,776,000. Ekari moja tu hiyo. Hapo hujagusa ushuru wala nauli.

Nisiwadanganye lakini. Mnunuzi naye si mjinga. Ukimpunguzia gunia, na yeye anaweza kushusha bei. Hesabu ile haimaanishi kwamba kila shilingi ingerudi mfukoni mwake. Inamaanisha kwamba ukiuza kwa kilo mnabishania kitu mnachokijua wote wawili, na ukiuza kwa lumbesa anayejua ni mmoja tu.

Na sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila mwaka kwamba gunia lisizidi kilo 100. Lakini usiku wa manane shambani, lori linanguruma na dalali ana hela taslimu, wakala hayupo. Uliyepo ni wewe.

Yule dada akawaita majirani zake wa mfereji mmoja. Walikuja 23. Hakukuwa na katiba, hakukuwa na muhuri, hata posho ya soda haikuwepo. Alisema sentensi moja: "Mimi msimu ujao sifungi kichwa. Nani hafungi na mimi?"

Yaani mkutano wote ulikuwa huo. Wengine wakanyoosha mkono, wengine wakasema watafikiri.

Lengo la kweli lina bei yake

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hudhani lengo la pamoja ni maneno mazuri ya kuandika kwenye bango. "Kuinua kipato cha wanachama na kuboresha maisha." Hilo si lengo, jamani. Hakuna mtu duniani anayepinga hilo, hata yule dalali analitaka. Lengo la kweli linakuambia utakataa nini. "Hatufungi kichwa" ni lengo, kwa sababu kuna hela utaikataa kwa ajili yake.

Na likishakuwa la kweli, linaanza kuwapangia kazi lenyewe. Niliona kwa macho yangu.

Kwanza waligundua kwamba huwezi kumkatalia mnunuzi kama vitunguu vyako vinaoza baada ya wiki mbili. Ili uweze kusema "hapana" lazima uweze kusubiri. Ili usubiri, kitunguu lazima kikauke vizuri. Basi wakaja kwangu, sasa wanauliza maswali ya maana. Nikawaambia: acheni kumwagilia wiki mbili mpaka tatu kabla ya kuvuna. Subirini majani mengi yaanguke yenyewe. Msikate shingo karibu sana na kitunguu. Anikeni kivulini penye upepo, msirundike.

Nikawaambia na jambo wasilolipenda: punguzeni Urea ya mwishoni. Wengi tunamwaga Urea mpaka kitunguu kinakaribia kukomaa ili kiwe kikubwa na gunia lijae haraka. Kitunguu cha namna hiyo kinatoka na shingo nene, hakifungi vizuri, na ghalani ndicho cha kwanza kuoza. Haya nilishayasema kwenye mafunzo mara nyingi, watu wanaandika kwenye daftari na hawafanyi. Msimu ule walifanya. Mimi sikubadilika na ushauri haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na sababu.

Pili, maji. Mfereji wao ulikuwa na ugomvi wa zamu miaka yote. Lakini kama mnataka kuuza pamoja kwa mnunuzi mmoja, lazima mvune kwa kukaribiana, na ili mvune kwa kukaribiana lazima mpandikize kwa kukaribiana. Yule wa mwisho wa mfereji akikosa maji, mzigo wenu wote unapungua. Kwa mara ya kwanza wa juu alikuwa na faida ya kumwachia maji wa chini. Hakuna aliyewahubiria upendo.

Tatu, na hili ndilo kubwa: waligundua kwamba dalali hatafuti kikundi. Dalali anatafuta mwenye shida.

Usiku ule

Msimu wa kwanza wa "hatufungi kichwa" wanunuzi watatu walikuja, wakakataa mzani, wakaondoka. Vitunguu vimeanikwa, siku zinakwenda. Watu wameanza kunung'unika. Ndipo mtoto wa yule dada, ambaye sasa walikuwa wanamwita mwenyekiti, akalazwa. Alihitaji hela usiku uleule.

Na dalali alijua. Wao hujua kila kitu. Saa nne usiku pikipiki ilikuwa nje kwake. Hela mkononi, ila kwa lumbesa.

Fikiria ungekuwa wewe. Ndiye uliyewaambia wenzako wasifunge. Mtoto yuko wodini. Nani angekulaumu?

Alimwambia dalali asubiri kidogo. Akampigia simu mwenzake mmoja akamwambia ukweli, kwamba ameshindwa, kesho wamwondoe uenyekiti, atauza. Yule mwenzake hakumhubiria kuhusu msimamo. Alimuuliza tu, "Shilingi ngapi?" Kabla ya saa sita usiku walikuwa wamechanga kwenye simu zao, huyu elfu tano, huyu elfu ishirini, na mzee mmoja ambaye hata si mwanachama aliongeza kwa sababu shamba lake linapakana. Ikatosha. Dalali akaondoka na pikipiki yake.

Kesho yake walikaa kikao. Hawakumpongeza mwenyekiti wala hawakumlaumu. Waliweka utaratibu: kila anayeuza anaacha shilingi kadhaa kwa kila gunia kwenye mfuko wa dharura, na mfuko ule una kazi moja tu, kumkopesha mwanachama mwenye shida ili asilazimike kuuza kwa lumbesa. Muda wa kurudisha, mpaka atakapouza kwa mzani.

Mimi pale nilijifunza kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Lengo la pamoja haliwezi kukaa moyoni tu. Lazima libebe gharama ya yule aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo, kwa sababu kuta zote zinabomokea pale penye ufa. Kikundi kinachosema "kila mtu ashike msimamo" bila kujiuliza nani ataweza na nani hataweza, kinadanganyana.

Na kuhusu uongozi nilijifunza hivi. Yule dada si msemaji. Ukimpa kipaza sauti anatetemeka. Lakini anaongozwa na sheria ileile anayowaongoza wenzake, na siku alipokaribia kuanguka alisema mwenyewe mapema. Wenzake wangeweza kumrekebisha bila kumvunjia heshima, kwa sababu walichokuwa wanakilinda hakikuwa cheo chake. Kule kwenye kikundi cha kwanza hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake "umekosea", maana umekosea kwa kipimo gani? Hapakuwa na kipimo.

Wala hili si jambo jipya

Kuna vijana wanadhani vikundi na ushirika ni mambo ya wazee au ya miradi ya wafadhili. Someni kidogo historia. Mwaka 1925 wakulima wadogo wa kahawa kule Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA. Wakati ule walowezi wa Kizungu hawakufurahia kuona Mwafrika analima Arabika kama wao. Kwa hiyo wale wakulima walikuwa na jambo moja la kulinda pamoja: haki ya kulima kahawa na kuiuza. Mwaka 1933 chama kile kikageuka kuwa KNCU, ambayo jina lake mnalisikia mpaka leo.

Kisha tazameni upande wa pili. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 ikatungwa sheria mpya ya kuvirudisha. Jengo unaweza kulirudisha kwa sheria, na muhuri pia. Ila wazee wengi niliozungumza nao wanasema ushirika uliporudi waliuona kama wa Serikali, si wao. Kwa maoni yangu tumekuwa tukilipia hilo mpaka leo. Ndiyo maana kijana ukimtajia AMCOS anakunja uso.

Na kwa suala la mzani, hata wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, ambao ushirika wa dunia nzima unawataja kama waanzilishi, walifungua duka lao Desemba 1844 wakiuza unga, siagi, sukari na vitu vidogo vidogo. Shida yao mojawapo ilikuwa wafanyabiashara waliowauzia vyakula vilivyochanganywa uchafu na vipimo vya uongo. Nao walianza na jambo moja la kulikataa.

Najua mtanijibu nini

Najua kuna atakayesema, "Bwana shamba, lengo halinunui mbegu. Sisi tunataka mtaji." Ni kweli. Mimi sipingi mkopo. Mkopo uliotolewa kwa kikundi ambacho tayari kinafanya jambo pamoja ni kama maji kwenye mche uliokwishashika. Ukimwaga maji kwenye tuta lisilo na mche, utaotesha magugu tu. Kile kikundi cha vitunguu baadaye kilisajiliwa, kikapata mkopo, kikajenga banda la kuanikia. Wanarejesha. Lakini walikuwa na misimu miwili ya kufanya kazi pamoja kabla ya kuomba hata shilingi.

Mwingine atasema, "Mimi ni mfanyabiashara, nalima peke yangu, haya ya vikundi hayanihusu." Yanakuhusu. Una vibarua wangapi? Una kijana wa pampu, una msimamizi, una mwenzako mliyechanga naye mtaji. Je, yule kijana anayepuliza dawa anajua kwa nini unasisitiza asivune kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo? Kama anajua tu kwamba "bosi amesema", siku usipokuwepo atavuna. Kama anajua kwamba mnamuuzia mteja anayepima mabaki ya dawa, na kwamba mzigo ukirudishwa hata mshahara wake unayumba, atakupigia simu yeye kukukumbusha. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na vibarua na kuwa na timu.

Na nisiwafiche, si kila kitu kilikwenda sawa kule kwenye vitunguu. Kati ya wale 23 leo wamebaki 17. Wawili waliuza kwa lumbesa kwa siri, wakajiondoa wenyewe kwa aibu. Wengine walihama, mmoja aliona mzani unamchelewesha. Kuna msimu mmoja vitunguu vilijaa sokoni na walikubaliana kwa kura kuuza kwa bei waliyoipata, ila kwa mzani. Hawajawa matajiri. Lakini wanunuzi wawili sasa wanakuja moja kwa moja bila dalali, kwa sababu wanajua kilo 100 ni kilo 100 na vitunguu havina maji. Uaminifu wa mzani umekuwa jina lao la biashara. Hili hawakulipanga.

Jaribuni hivi kabla ya kuja ofisini

Kwa wale mnaotaka kuanzisha kikundi, au mnacho na kinasuasua, nawapa kazi ya wiki hii. Haina gharama.

Moja. Kila mwanachama apewe kipande cha karatasi aandike, bila kuangalia kwa mwenzake: "Kikundi chetu kipo kwa ajili ya..." Msimsaidie mtu. Someni kwa sauti. Kama karatasi kumi zina mambo kumi, msigombane, bali shukuruni mmejua mapema. Kaeni mpaka mpate moja mnalolitaka wote, hata likiwa dogo. "Tununue mbegu halisi pamoja" linatosha kabisa kuanzia.

Mbili. Andikeni jambo moja mtakalolikataa, lenye hela ndani yake. Kama hakuna mnachokataa, bado hamjapata lengo.

Tatu. Jiulizeni ni mwanachama gani atashindwa kwanza kulitimiza, na kwa sababu gani. Si kwa kumsema, ni kwa kumwandalia. Ni ada ya shule? Ugonjwa? Deni la duka la pembejeo? Wekeni mfuko kwa ajili ya sababu hiyo hasa, msiseme tu "mfuko wa jamii".

Nne. Wekeni sheria ambayo mtu wa kwanza kuiumia ni kiongozi. Mwenyekiti auze wa mwisho, au apimiwe wa kwanza mbele ya watu. Mkikosa mtu anayekubali uenyekiti kwa masharti hayo, mtajua wale waliokuwa wanautaka waliutakia nini.

Tano. Fanyeni jambo hilo msimu mmoja mzima bila mkopo. Baada ya hapo njooni na katiba yenu. Tafadhali iandikeni wenyewe, hata kwa penseli. Mimi nitawarekebishia lugha ya kisheria, lakini siwapi tena ile ya kuku.

Namalizia na hili. Yule mwenyekiti wa kwanza, wa nyanya, tulikutana stendi mwaka jana. Anaendesha biashara yake ndogo ya pembejeo. Tulisalimiana vizuri tu. Nilimwomba radhi, akashangaa, "Radhi ya nini?" Nikamwambia niliwapa katiba kabla ya kuwauliza mnataka nini. Akacheka, akasema, "Hata ungeuliza tungekudanganya." Labda ni kweli. Lakini nilipaswa kuuliza, na kazi ya mtaalamu ni kuuliza hata swali ambalo linaweza kumkosesha kikundi cha kuandika kwenye taarifa ya robo mwaka.

Kwa hiyo mkija ofisini kwangu, karibuni sana, viti vipo. Ila mjue swali ni lilelile: mkopo usipokuja, Jumatatu mtafanya nini pamoja? Njooni na jibu.

Tukutane shambani.